Anayekwambia Ndiyo Basi

Jumatatu, 6 Mei

Muuguzi wa shule amesema niandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja, eti kunoa kumbukumbu. Sawa, naandika. Kusoma hatasoma. Karatasi kanipa Mama, vipande vilivyobaki kwenye mashine ya kukatia, vimegandishwa kwa gundi upande mmoja. Nyumba ambayo sebule yake ni kiwanda cha uchapaji haiwezi kukosa karatasi.

Leo nimerudi shule. Muhula uliopita walinisimamisha baada ya kunikuta na bangi chooni, na habari hiyo anaijua hadi mwenye kuuza kalamu getini. Kwa hiyo niliingia darasani kidevu juu. Wavulana wa nyuma wakaanza: "Profesa karudi! Profesa, umekuja na akili zako au umekuja peke yako?" Hilo jina la Profesa nilipewa nikiwa mdogo, kwa sababu nilikuwa nikisoma kitu mara moja hakitoki. Zamani lilikuwa sifa.

Mkuu wa shule akaniita ofisini. Ni mwanamke mrefu, alikuwa akifundisha hisabati, na maneno huyatoa kwa kubana. Akasema mwisho wa muhula kuna mtihani wa majaribio. Nikifikia wastani alioutaja, jina langu linapelekwa kwenye mtihani wa taifa pamoja na wenzangu. Nisipofikia, nakaa nyumbani mwaka mzima "kupumzisha kichwa."

"Kichwa changu hakijachoka, Mwalimu," nikamwambia.

"Tutaona," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Tutaona kweli.

Jumanne, 7 Mei

Sikuvuta. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimesoma ukurasa mmoja wa biolojia kuhusu figo. Nikausoma tena. Nikausoma tena. Kisha nikafunga kitabu na kujiuliza figo inafanya nini, nikabaki nimekodoa macho ukutani. Maneno yote nayajua. Nikiwa katikati ya sentensi naelewa kabisa. Nikifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshaondoka.

Hili sijamwambia mtu. Nilipoanza kuvuta, nikiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya tangi la maji nyumbani kwa shangazi, mimi na Binamu, halikuwa hivi. Tulicheka hadi mbavu zikauma na kesho yake nilijibu maswali yote darasani. Ndiyo maana niliwadharau waliosema inaharibu kichwa. Kichwa chenyewe ndicho kilichokuwa kikinidanganya kwamba kiko sawa.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Muuguzi alinionya kwamba wiki za mwanzo hasira itakuwa karibu na usingizi utakuwa mbali. Hakusema nitataka kumng'ata mtu.

Jumamosi, 11 Mei

Kazi kiwandani. Tulikuwa na kadi za harusi, risiti za duka la vipuri na kanuni za chama cha mafundi bomba. Mvua ikinyesha hivi karatasi hunywa unyevu na kujikunja, na Fundi Wino hugombana na mashine mchana kutwa. Yeye ndiye anayeiendesha tangu kabla sijazaliwa. Jina lake halisi sidhani kama hata Mama analikumbuka.

Niandike jinsi tunavyosoma prufu, maana leo kuna kitu nimekigundua. Prufu ni ile karatasi ya kwanza ya majaribio. Mmoja anashika nakala ya mteja na kuisoma kwa sauti, kila kitu, hadi alama: "Wanachama wote mkato watalipa ada kabla ya mwisho wa mwezi nukta." Mwingine anafuata kwa kalamu kwenye prufu. Mama ndiye mfuataji. Ukurasa ukiwa safi anaweka alama yake ya vema chini kulia, na baada ya alama hiyo hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu, hata awe nani. Inakwenda kwenye bamba la kuchapia, inachapwa. Na sheria yake ya pili ni hii: maneno ni ya mteja, makosa ndiyo yetu. Mteja akiandika ujinga, tunauchapa ujinga wake vizuri.

Sasa, jioni nilipokuwa nafagia, nilijikuta nazikumbuka kanuni za mafundi bomba. Zote! Ada, faini, nani anapiga kura. Vitu ambavyo havinihusu ndewe wala sikio. Nikakimbilia kitabu cha biolojia nikasimama katikati ya chumba: "Damu huingia kwenye figo mkato huchujwa mkato na uchafu hutoka kama mkojo nukta."

"Kuna mtu anaumwa humo ndani?" Fundi Wino akauliza mlangoni.

"Nasoma!"

"Basi soma kitu kisafi kidogo, mwanangu, mimi nakunywa chai."

Imebaki. Si yote, lakini imebaki.

Jumapili, 12 Mei

Sikuvuta. Baba kapiga simu kutoka kazini kwake huko mbali. Mama kamwambia "mtoto yuko vizuri" kwa sauti ileile anayosomea prufu.

Alhamisi, 16 Mei

Ndoto mbaya kila nikifumba macho. Nimemfokea Mama kwa sababu ya kijiko. Kijiko!

Jumanne, 21 Mei

Binamu alinisubiri getini. Ni mtoto wa shangazi, alimaliza shule kwa kusukumwa, sasa yuko nyumbani "anapanga mambo." Hakuna mtu anayenichekesha kama yeye. Ameniigizia Mkuu anavyotembea, na shingo na mkoba na kila kitu, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Kisha akapapasa mfuko wa shati.

"Twende basi. Kidogo tu, ya kutoa baridi."

"Nina hisabati."

"Hisabati haijawahi kumkimbia mtu."

Nikaondoka bila kuaga, maana ningefungua mdomo ningesema ndiyo.

Jumatano, 22 Mei

Sikuvuta. Mvua. Mafungu ya karatasi yamejikunja yote.

Jumatatu, 27 Mei

Jaribio la biolojia. Nimepata nusu ya alama, na nusu hiyo yote ni ya figo. Wa nyuma wakasema Profesa kashuka cheo, sasa ni mwalimu wa mkojo. Nikawaambia wao hata huo mkojo hawajaupata. Darasa likavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi, 1 Juni

Leo nitaandika sana na sijali.

Mama aliniita mezani kama kawaida. Kazi ilikuwa kipeperushi cha kurasa mbili, kimeletwa na shule, cha kugawiwa kwenye mkutano wa wazazi. Nikashika nakala. Kichwa cha habari: "Bangi na Ubongo wa Mtoto Wako."

Nikamwangalia Mama. Mama akaangalia prufu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa mkato hasa sehemu ya mbele mkato ile inayomwezesha mtu kujizuia na kupanga mkato na ujenzi huo huendelea hadi miaka ya ishirini na kitu nukta. Kwamba bangi hugusa sehemu inayotunza kumbukumbu mpya mkato ndiyo maana mwanafunzi husoma na kusahau nukta. Kwamba anayeanza mapema huathirika zaidi nukta. Kwamba ubongo mchanga hujifunza haraka mkato na kwa sababu hiyohiyo hujifunza uraibu haraka nukta.

Nilisoma kwa sauti safi kabisa. Ilikuwa kama kusomewa mashtaka na msomaji ni mimi mwenyewe. Fundi Wino alizima mashine, akajifanya anatafuta kitambaa. Lakini kila nilichokuwa nasoma nilikijua kuwa kweli. Nilikuwa nimekiona usiku na mchana kwenye kichwa changu, na moyoni nilisikia hata nafuu kidogo, kwamba kumbe kitu hiki kina maelezo, si kwamba nimekuwa mjinga.

Kisha mstari wa mwisho. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono juu ya mwingine uliokatwa.

"Ubongo wa kijana ukishaathiriwa na bangi haurudi tena mkato..."

Nikaishusha nakala.

"Endelea," Mama akasema.

"Siendelei."

"Ni kazi ya watu, mwanangu."

"Umeona kilichoandikwa?"

"Nimeona. Maneno ni ya mteja. Soma."

Nikang'ata meno, nikasoma: "...na masomo yake ndiyo basi nukta."

Mama akafuata kwa kalamu hadi kwenye nukta. Kisha akaweka alama yake chini kulia. Vema. Safi. Hakutikisika mkono. Akasema, "Sawa, Jumamosi ijayo ichapwe," akaenda kuinjika sufuria.

Angeweza kusema kitu. Angeweza hata kuguna. Kaweka vema kwenye ndiyo basi yangu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimevuta. Na Binamu, nyuma ya tangi.

Jumanne, 4 Juni

Niandike kwa nini, kabla sijaanza kujitungia sababu nyingine.

Wiki zote zile nilijikaza kwa sababu nilifikiri kuna kitu nakiokoa. Usiku nilipokuwa nimeloa jasho nilijiambia, subiri, kinarudi. Sasa nikaambiwa hakirudi. Kama hakirudi, nalinda nini? Chumba kitupu mtu haweki kufuli. Nilipofika nyuma ya tangi sikuwa na huzuni hata kidogo, nilikuwa mtulivu kama mtu aliyeshaambiwa basi limeondoka.

Wanasema sentensi kama ile ni ya kutuogopesha tusivute. Mimi ndiyo iliyonipeleka. Sijui vijana wengine. Mimi najijua.

Leo figo zimepotea tena. Nimesimama na kitabu, nimesoma na mikato yote, hola.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeingia kwa Muuguzi bila kubisha hodi.

"Nani kaandika ule mstari?"

Alikuwa anapanga bandeji. Ni kijana, ana macho ya mtu asiyelala vizuri, na mpaka leo nilimwona kama mpambe wa Mkuu. Aliuliza mstari gani, nikamsomea kwa kichwa. Huo haukupotea, bahati mbaya.

Akakaa chini. "Mimi niliandika kwamba wengi wakiacha hupata nafuu. Mkuu akaukata. Anasema vijana hawasikii bila kutishwa."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Umetiwa chumvi."

"Muuguzi, mimi nimevuta Jumatatu kwa sababu ya hiyo chumvi."

Hakunikaripia. Akavuta kiti, akanieleza kama anavyomweleza mtu mzima. Kwamba ubongo wa umri wangu unaondoa njia usizozitumia na kuimarisha unazozitumia, kila siku, hata sasa. Kwamba kumbukumbu ya walioacha imepimwa, na kwa wengi huanza kupanda baada ya wiki chache tu. Kwamba si wote, na si lazima irudi yote, hasa kwa aliyeanza mapema na kuvuta sana.

"Na yangu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mdogo wangu. Nikikuambia itarudi yote nitakudanganya. Nikikuambia hairudi nitakudanganya pia. Na Jumatatu haijafuta wiki zilizotangulia. Anza tena leo."

Ni mtu wa kwanza shuleni aliyeniambia hajui kitu. Nimempenda hapohapo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya. Mama alikuwa sokoni na Fundi Wino alikuwa akisafisha roli za mashine. Faili lilikuwa wazi kwenye kompyuta, na prufu yenye vema imelala pembeni. Nimefuta mstari wa mwisho na kuandika wangu. Fundi Wino akatengeneza bamba, akachapa kipeperushi chote, kwa sababu aliona vema. Baada ya vema hakuna anayesoma tena.

Nikachukua ufagio, nikafagia pasipo na uchafu.

Jumatano, 12 Juni

Sikuvuta. Mvua. Sili vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Mkutano wa wazazi. Ukumbi ulijaa, madirisha yamepata ukungu. Sisi wanafunzi tulikuwa nyuma tukipanga viti, na Mama alikuwa mstari wa tatu, kavaa gauni lake la mikutano. Vipeperushi vikagawiwa.

Nilidhani watavikunja na kuvipeleka nyumbani. Mkuu akaamua kusoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Anasoma vizuri mno, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Na mtu anayesoma hivyo macho yake hutangulia na mdomo hufuata, kwa hiyo mdomo ulishafika mwisho kabla yeye mwenyewe hajasikia anachosema:

"Ubongo wa kijana anayeacha mapema unaweza kupata nafuu, na anayekwambia ndiyo basi, muulize amejuaje."

Kisha mzee mmoja, dereva wa kreni mwenye koti la kazi, akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani Mwalimu, kwa hiyo, amejuaje?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Mimi nilikuwa nataka kucheka, mpaka nikamwona Mama. Hakugeuka nyuma kunitafuta. Alikuwa ameinamia kipeperushi, kidole chake kiko chini kulia, pale ambapo kwenye prufu huweka vema.

Jumamosi, 15 Juni

Mama hakunifokea. Laiti angefoka. Aliniweka mezani, akaiweka ile prufu mbele yangu.

"Hii ni alama ya nani?"

"Yako."

"Inasema nini?"

"Kwamba umehakikisha."

"Nilihakikisha hiki kilichochapwa?"

Nikaanza kueleza, sentensi ilikuwa ya uongo, Muuguzi mwenyewe kasema, mimi ndiye... Akainua mkono.

"Maneno ungeniletea. Tungegombana mpaka majirani waje, na huenda ungenishinda. Hukuniletea. Umechukua alama yangu ukaifanya iseme uongo. Watu wananiletea kazi tangu hujazaliwa kwa sababu ya kialama hicho tu, sina kingine."

"Na wewe uliweka vema kwenye ndiyo basi yangu!"

Limetoka kwa kelele. Fundi Wino akatoka nje na kikombe chake.

Mama akasema polepole, "Nilifuata alama. Mistari nikishaanza kufuata sisikii maneno, nasikia mkato na nukta tu. Siku ile nilishukuru kuwa sisikii." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Prufu hushiki tena. Mpaka nitakaposema."

Nilimwomba radhi kwa ile alama. Kwa dhati. Kwa mstari wenyewe sikuomba.

Jumatatu, 17 Juni

Ofisini kwa Mkuu.

"Utaomba radhi mbele ya shule nzima," akasema, "na utasema kwamba ulichoandika si kweli."

"Nitaomba radhi kwa kugusa kazi yako bila ruhusa, Mwalimu. Hilo ni kosa. Lakini kwamba si kweli, sisemi."

"Nusu radhi mimi siipokei."

"Nusu nyingine sina."

Nilijua ananifukuza. Akavua miwani, na bila miwani ana uso wa mtu mwingine kabisa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Alianza na umri wako. Mimi nilimbembeleza. Kila siku nilimwambia utapona, bado mapema, utapona. Akaniamini. Akasema basi kama nitapona nina haraka gani." Akavaa miwani tena. "Usinifundishe mimi habari ya maneno laini."

Muhula wote nilimwona kama geti la chuma. Nikasema pole, na niliimaanisha. Kisha, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikasema, "Lakini mimi si mdogo wako, Mwalimu."

Akasema niombe radhi kwa kugusa kazi, nitasimamishwa wiki moja, na majaribio nitafanya. "Na vipeperushi vyote narudisha kwa mama yako avichape upya."

Mama alivichapa upya, bila malipo, pamoja na ule mstari wa Mkuu. Nilimsikia akimsomea Fundi Wino, akifuata mikato.

Jumatano, 19 Juni

Nyumbani. Bila prufu, bila mtu wa kunifuata, nasoma peke yangu na nusu inadondoka. Nikisoma nikijua kuna mtu mwenye kalamu tayari, kichwa hukaa sawa. Nikiwa peke yangu kinakwenda matembezini.

Ijumaa, 21 Juni

Fundi Wino kajitolea kunifuata. Miwani yake imefungwa kwa uzi, anafuata kwa kidole cheusi na kuacha alama kila ukurasa. Kila nikiruka neno anapiga meza. Tumeanza jiografia. Amechukizwa sana na mmomonyoko wa udongo.

Jumatano, 26 Juni

Sikuvuta. Baridi.

Jumatatu, 1 Julai

Sikuvuta. Figo zipo! Nimeamka zipo, bila kuzisoma jana.

Jumapili, 7 Julai

Binamu kaja nyumbani, Mama hayupo. Akaniigizia Mkuu. Vilevile, shingo na mkoba. Kisha tukazungumza kidogo, na akaniigizia Mkuu tena, kama vile hajafanya. Sikucheka, akashangaa.

Nikampa kitabu changu cha jiografia. "Nisomee aya moja tu." Akaanza kwa mbwembwe, sauti ya mtangazaji. Mstari wa tatu akapotea, akarudi juu, akapotea tena. Akacheka. Kisha hakucheka. Akafunga kitabu akakiweka mezani taratibu, akasema, "Siku hizi niko hivyo."

Muda wote nilimwona yeye ndiye mjanja na mimi mwoga. Kumbe sote wawili tulikuwa tunapotea mstari, ila yeye hakuwa na mtu wa kupiga meza.

Akapapasa mfuko. "Unakuja nje?"

"Hapana. Kaa usome na mimi."

"Wewe unajiona sana siku hizi."

"Ndiyo, najiona. Kaa."

Hakukaa. Nilimwambia mlango uko wazi, aje Jumapili yoyote, asije tu na hicho cha mfukoni. Alipoondoka nililia, na sikuvuta.

Ijumaa, 12 Julai

Hisabati mbaya. Hatua nne nazishika, ya tano ikifika ya kwanza imekwenda. Nimeanza kuandika kila hatua hata ile ya kipumbavu. Mwalimu kasema naandika kama mtoto wa darasa la chini. Nikamwambia huyo mtoto anapata majibu.

Jumanne, 16 Julai

Nilikuwa nasoma na Fundi Wino, mashine ikamwita. Kiti kikavutwa, nikadhani karudi. Alikuwa Mama, na kalamu yake.

"Soma," akasema.

Nikasoma kurasa zote za mfumo wa neva. Alinifuata mpaka mwisho. Katikati alinisimamisha mara moja.

"Hapo. Rudia. Leo nasikia na maneno."

Jumatatu, 22 Julai

Majaribio yameanza. Biolojia. Nasoma maswali kwa midomo bila sauti, mkato kwa mkato. Msimamizi akaja akasimama juu yangu akidhani namnong'oneza mtu. Nikamwonyesha kwamba pembeni yangu kuna ukuta.

Jumatano, 24 Julai

Hisabati. Nisiulizwe.

Alhamisi, 25 Julai

Sikuvuta. Nilitaka sana. Sikuvuta.

Ijumaa, 2 Agosti

Matokeo. Nimepita biolojia, jiografia, lugha na mengine yote. Hisabati nimeanguka, na hisabati imeshusha wastani ukawa chini kidogo ya ule aliousema Mkuu. Kidogo, lakini chini ni chini. Wa nyuma hawakunitania. Hilo liliniuma kuliko utani.

Tuliitwa ofisini, mimi na Mama. Mama alikuja na aproni yake ya kazi, ina wino mpaka kifuani, hakujali. Muuguzi alikuwepo, amesimama dirishani. Mezani palikuwa na orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa.

"Hukufikia," Mkuu akasema.

"Sikufikia, Mwalimu."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana." Nikaiangalia ile orodha. "Lakini linganisha na alama zangu za Mei. Kila somo limepanda, hata hisabati. Sijarudi nilipokuwa, na huenda nisirudi. Muuguzi hajui, wewe hujui, mimi sijui. Naomba nifanye na hicho kichwa nilicho nacho."

Mkuu akamgeukia Mama. Nilidhani Mama atabembeleza. Hakubembeleza.

"Mimi nimemfuata mtoto huyu mstari kwa mstari, Mwalimu. Anaruka maneno. Zamani alikuwa haruki. Akiruka sasa, anarudi mwenyewe kabla sijamwambia. Kama kuna mahali pa kuweka alama yangu, nionyeshe niweke."

Mkuu aligeuza kalamu, akaigeuza tena.

"Na huo mtihani wa taifa ukikushinda?" akaniuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, na nikaona hakuwa ananiuliza mimi peke yangu.

"Nitakuwa nimefeli mtihani," nikasema. "Sitakuwa nimeharibika."

Mkuu akavuta ile orodha karibu, akaanza kuliandika jina langu chini ya majina ya wenzangu. Nilisimama pale nikimfuata, herufi kwa herufi, mpaka akalimaliza.